Dresa naye alipigana

Babu yangu alirudi Ngamiani, Tanga, kutoka Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, bila hadithi ya kuua mtu. Wenzake waliokuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, walipokaa barazani jioni kusimulia mizinga, yeye alikuwa kimya. Siku moja mzee mmoja alimwambia mbele yetu wajukuu: "Vita vyako wewe vilikuwa vya kufua bendeji." Neno lile bado linaniuma, na sikubaliani nalo hata kidogo.

Babu alikuwa dresa, yaani mhudumu wa wagonjwa na majeruhi, katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya jeshi hilo ilishuka bonde la Kabaw, huko Burma, kuwafukuza Wajapani, mvua ikinyesha usiku na mchana, magari yakizama topeni. Desemba wakauteka mji wa Kalewa. Hayo tunasimuliwa sana. Lisilosimuliwa ni kwamba mwaka 1943, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele wa Burma, waliondolewa wagonjwa 120. Malaria na kuhara damu vilikuwa vinalimaliza jeshi. Jenerali Slim, kamanda wa jeshi la Uingereza huko Burma, aliwaondoa makamanda watatu kwa sababu askari wao hawakumeza ipasavyo mepakrini, vidonge vya kuzuia malaria.

Vidonge hivyo ni vichungu na hugeuza ngozi kuwa ya manjano, kwa hiyo watu walivificha chini ya ulimi. Babu alisema kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya foleni: meza, fungua mdomo, inua ulimi. Bila mikono ya watu kama yeye, hao wenye mizinga wangefika Kalewa na nani?

Nikiwa na miaka tisa, mkwezi alianguka mnazini jirani na kwetu. Watu wakakimbilia kumnyanyua. Babu akafoka, "Msimguse!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti vile. Akaomba mianzi miwili na kanga mbili, akazifunga, akamfunga mguu kwa vipande vya ubao, ndipo akamlaza taratibu kwenye ile machela. Tulikwenda naye mpaka hospitali ya Bombo, babu akitembea ubavuni, mkono wake juu ya kifua cha yule kijana, akihesabu pumzi zake kwa sauti ya chini.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, penye mnara huwekwa mkuki na ngao, upinde na mshale, na mashada ya maua. Naomba mwaka mmoja, hata mmoja tu, iwekwe na machela.