Programu za Kupigia Debe ni Zile Zinazofanya Kazi Bando Likiisha

Mtu akiulizwa hapa Tanga apendekeze programu nzuri ya simu, atataja zilezile ambazo kila mtu anazo tayari. WhatsApp haihitaji mpiga debe, wala TikTok haihitaji. Nionavyo mimi, anayestahili kupigiwa debe ni yule asiye na fedha ya kujitangaza, na kwa upande wa programu za simu kipimo changu ni chepesi: zima data, kisha ifungue. Ikiendelea kufanya kazi, na ikiwa haijakudai ruhusa ya kusoma orodha ya namba za watu wako, hiyo nitaisemea mbele ya yeyote.

Kuenea haraka si ushahidi wa ubora, na jambo hilo tumeliona wenyewe. Programu za mikopo zilienea nchini kwa kasi kubwa, zikawa maarufu kwa kuwapigia ndugu na majirani wa mkopaji na kumdhalilisha, hadi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wakati watu wakipeana hizo, zipo nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba yanayofanana kabisa na yetu, ambazo hata baadhi ya maofisa ugani hawajapata kuzisikia.

Ya kwanza ni PlantVillage Nuru. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, IITA, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Kazi yake ni kutambua magonjwa ya mazao kwa kamera ya simu, na zao lililoipa sifa ni muhogo. Jambo linalonifurahisha ni kwamba picha za majani zilizotumika kuifundisha kompyuta magonjwa hayo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje kidogo ya Bagamoyo. Kwa hiyo simu inapolitazama jani la Muheza, inalilinganisha na majani ya pwani hiihii.

Mkoa wetu una historia ndefu na magonjwa ya muhogo, hasa mawili: batobato na michirizi ya kahawia. Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, kutokana na muhogo wa vilima vya chini vya Usambara, na mtafiti H. H. Storey aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani. Ugonjwa huu una hila kuliko batobato. Batobato inajitangaza yenyewe, kwa sababu jani linajikunja na kuwa na mabaka ya njano hata mtoto anaona. Michirizi ya kahawia huanzia kwenye majani ya chini, ambako unjano hafifu hufuata mishipa ya jani, na mkulima hudhani ni uzee tu wa jani. Pengine shina na majani huonekana salama kabisa, kisha siku ya kuvuna unaukata muhogo na kukuta ndani umeoza kuoza kukavu, wa rangi ya kahawia, usiofaa kupika wala kuuza.

Mzee mmoja wa Pongwe niliyemwonyesha programu hii alilisogelea jani, akatazama visanduku vidogo vinavyojichora kwenye kioo kuzunguka sehemu zenye ugonjwa, kisha akaniambia, "Mwanangu, batobato naijua tangu sijaoa. Iulize hili la chini." Alikuwa na haki, na ushauri wake ndio namna bora ya kuitumia: usiielekeze kwenye jani moja zuri la juu ukaridhika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Nuru ilipatia kwa asilimia 65, ilhali maofisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58 na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini ilipotazama majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Majani sita ni kazi ya dakika chache, na hakuna hata kilobaiti moja ya bando inayotumika wakati huo, kwa kuwa utambuzi wote unafanyika ndani ya simu yenyewe. Tena inazungumza Kiswahili.

Haioni kilichomo ardhini, na hilo ni lazima lisemwe kwa uwazi. Jani likiwa halina dalili, programu haitakuwa na la kusema, hata kama muhogo wenyewe umeshaharibika. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, iko wakati wa kuchagua mbegu. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, lakini huenezwa pia na mkulima mwenyewe anapokata vijiti kutoka kwenye shina lenye ugonjwa na kumgawia jirani yake kwa wema. Kulikagua shamba kabla ya kukata mbegu, halafu kuyaacha mashina yaliyotiliwa shaka, ni jambo ambalo simu ya bei ya kati inaweza kulisaidia leo hii.

Ya pili ni Organic Maps, ramani ambayo ukishaipakua mara moja kwa Wi-Fi hutahitaji mtandao tena kutafuta njia. Inatumia data ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambapo watu wa kawaida huchora ramani ya dunia na kila mtu huruhusiwa kuitumia. Tanzania inaufahamu mradi huo kupitia Ramani Huria, kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambayo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora maeneo yanayokumbwa na mafuriko hadi kwenye mifereji na vichochoro.

Kwa Tanga mjini, ambako Ngamiani ina barabara za namba, ramani si shida kubwa. Hata mgeni atafika kwa kuhesabu. Ninaipendekeza kwa ajili ya nje ya mji, kwenye njia za kupanda Amani, vijia vya Lushoto, na barabara ya Pangani, mahali ambapo mtandao hukatika bila taarifa na bodaboda anayekubeba naye ni mgeni kama wewe. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba ukikuta zahanati, kisima au kituo cha daladala hakimo, unaweza kukiongeza palepale, na ukishapata mtandao kitatumwa kwenye ramani ya wote. Vijana wanaolalamika kuwa kijiji chao hakimo kwenye ramani wanaweza kuyamaliza malalamiko hayo mchana mmoja.

Zipo mbili nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. LocalSend huhamisha mafaili kati ya simu na simu, au simu na kompyuta, kupitia Wi-Fi ya karibu bila intaneti na bila tangazo hata moja. Aliyewahi kusubiri video ya harusi ihame huku matangazo yakifunika kioo atanielewa. Kiwix, yenye asili ya Uswisi, hukuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye simu. Ya Kiingereza yenye picha hufikia takriban gigabaiti 100, kwa hiyo mwalimu mwenye simu ya kawaida aanze na ya Kiswahili au atafute toleo lisilo na picha.

Tatizo la kupendekeza programu ni kwamba hubadilika mikononi mwa wamiliki. Simple Mobile Tools, mkusanyiko wa programu ndogo za kalenda, picha na simu uliosifiwa kwa miaka mingi, uliuzwa mwishoni mwa mwaka 2023, na waliotaka kubaki na zile za zamani wakahamia Fossify, mkusanyiko uliotokana na hizohizo. Organic Maps yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo: waanzilishi wa Maps.me, programu ya ramani iliyoitangulia, waliijenga upya baada ya Maps.me kununuliwa na kampuni ya Urusi ya Mail.Ru mwaka 2014 na kuuzwa tena mwaka 2020. Mwaka 2025 baadhi ya wachangiaji wa Organic Maps nao walitofautiana na uongozi, wakajitenga na kuanzisha programu yao ya ramani, CoMaps. Mimi ninazo zote mbili kwenye simu. Kwa barabara za mkoa huu sijaona tofauti ya maana, kwa kuwa zote huchota kwenye OpenStreetMap ileile, na kisima utakachokiongeza kwenye moja kitaonekana kwenye nyingine utakapopakua ramani mpya.