Saa Moja ya Angani

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na wiki ile neno la mjomba lilikuwa moja tu: ndege. Harusi ilikuwa Mbagala jioni, na yeye alishaapa hatakunja tena magoti yake ndani ya basi.

"Mtwara mpaka Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550," alimweleza jirani yetu Mama Somoe, barazani, mbele ya watu. "Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Kibiti, kutwa nzima. Ndege haina kona. Kilomita kama 400, saa moja umefika. We panda basi lako alfajiri, utatukuta tumeshalala mchana tumeamka."

Mama Somoe akasema, "Haya, baba."

Asubuhi uwanjani, bibi akaona kifurushi chake cha korosho kinawekwa kwenye mzani. Uso ukamchanua. "Kilo bei gani mwaka huu?" Yule kijana akamjibu kwa adabu kwamba mzigo umezidi kilo 23, hivyo inabidi alipie. Bibi akamtazama kama anayemtazama kichaa. "Korosho nimeokota mimi, nimebangua mimi, mkapima ninyi, halafu nilipe mimi? Hata chama cha msingi cha wakulima hakijafika huko!" Foleni nzima ilicheka. Mjomba akalipa, hakucheka.

Ndege ilikuwa ya saa tatu. Saa tatu ikapita, tukaambiwa bado iko Dar. Mama Somoe akapiga simu: yuko Nangurukuru, anakula samaki. Tukaambiwa kuna hitilafu ndogo, mafundi wanashughulikia. Mama Somoe akapiga tena: ndo anavuka Daraja la Mkapa, Rufiji inapendeza. Mjomba akaniagiza nizime simu. Nikamwambia ndege yenyewe hatujapanda, nizime ya nini? Akasema nizoee.

Tuliruka saa tisa alasiri. Na kweli, angani hakuna kona. Mjomba alitoa saa yake, akawa anaiangalia tu. Bibi alikaa dirishani. Alipoiona Rufiji inavyojigawa kuingia baharini katikati ya mikoko, alinishika mkono kwa nguvu: "Mjukuu wangu, daraja liko wapi? Huyu dereva anavukia wapi?" Nikamwambia tumeshavuka. Hakuamini mpaka magurudumu yalipogusa ardhi, na hata hapo aliuliza kama tumesimama kuchimba dawa.

Mizigo ikachelewa kutoka. Barabara ya Nyerere ilikuwa imejaa, Tazara pale tukasimama mpaka bibi akaanza kuwauzia korosho abiria wa daladala iliyokuwa pembeni yetu. Tulipoingia Mbagala giza limeshatanda, na Mama Somoe ameoga, amepaka hina, na hina yenyewe imeshakauka.

"Mmefika?" akauliza. "Poleni na safari."

Mjomba akanyanyua kidole. "Dakika hamsini na tano! Angani tumekaa dakika hamsini na tano tu!"

Keki inakatwa, mimi nawaona kule kona ya ukumbi: mjomba kamkamata baba wa bwana harusi, anamchorea ile njia juu ya kitambaa cha meza.