Sufuria ya mama na kanuni ya miezi sita

Nyumbani kwetu Kibosho, Kilimanjaro, kuna sufuria ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kujificha ndani yake. Inakaa stoo, imefudikizwa juu ya madumu, na kwa mwaka inashushwa mara tatu au nne: kipaimara, msiba, Krismasi watu wanapopanda kutoka Dar. Mwaka jana nilikwenda kumsaidia mama kupanga stoo, kichwani nina kanuni niliyoiokota kwenye video za wanaofundisha maisha mepesi: kitu ambacho hujakigusa kwa miezi sita, kitoe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao wa kwenye video, mtu akifiwa wanapikia nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini sikukubali pia kwamba kanuni nzima ni ya kipuuzi.

Maana wanaohubiri kupunguza vitu wana hoja. Ninakopanga mimi, mtaa wa Sakina jijini Arusha, nimeingia sebule ambazo ukitaka kupita lazima uende kiubavu: makochi ya watu saba, meza ya kioo, kabati lenye vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Mtu anapanga vyumba viwili, kimoja analala yeye, kingine vinalala vitu. Na ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu haichukuliwi kwa ajili ya ugonjwa na ada peke yake, wapo wanaoichukulia kochi. Kwa mtu kama huyo, "nunua kidogo, nunua kinachodumu" ni ushauri wa mfukoni kabla haujawa wa mazingira.

Kwenye mazingira nako tunajidanganya. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na sote tukasema kikapu kimerudi. Nyuma ya mlango wa jiko langu ninayo mifuko mbadala thelathini na nne, nimeihesabu. Mfuko wa rambo umeondoka, tabia ya kwenda soko la Kilombero mikono mitupu ipo palepale.

Sasa upande wa pili. Uende Kiborloni, pale Moshi, siku ya soko, usimame karibu na mtu anayefungua belo la mitumba. Kamba ikikatwa, nguo zinafumuka kama zilikuwa zimebana pumzi: sweta, jaketi la barafu, suruali yenye lebo ya dukani bado inaning'inia. Sehemu ya mzigo ule ni kabati za watu wa Ulaya na Marekani walioamua kuishi kwa vitu vichache. Wao wamepumua, sisi tumejaziwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutuondoa kwenye mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru, na Tanzania ikarudi nyuma pamoja na wengine. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Siwabezi wauzaji wa Kiborloni, shati nililovaa nikiandika haya limetoka kwao. Ninachosema ni kwamba wepesi wa nyumba moja unaweza kuwa mzigo wa nyumba nyingine, na video hazionyeshi lori linakoelekea.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wa leo hulisahau. Kuishi kwa kiasi si habari ngeni kwetu. Azimio lililotangazwa Februari 5, 1967 lina jina la Arusha, na lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba ya kupangisha. Lilikuwa agizo la kuridhika na kidogo, likiwahusu wenye uwezo wa kupata kingi, na mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yakalegezwa. Katikati hapo ikaja miaka ya themanini mwanzoni, watu wakapanga foleni ya sabuni na sukari. Mama yangu alikuwa kwenye foleni hizo. Ukimwambia atupe kopo kwa sababu halina kazi leo, unaongea na mtu anayejua kesho inavyoweza kuja.

Na kweli, kopo huku halitupwi, linabadilishwa cheo. Sado tunayopimia nyanya sokoni ilianza maisha kama kopo la rangi. Debe lilikuwa la mafuta ya taa. Tairi lililochakaa linakuwa viatu vya katambuga. Hata kihamba chenyewe, lile shamba la Mchagga linalozunguka nyumba, ukikitazama kwa macho ya wale wanaopenda chumba cheupe chenye kiti kimoja, ni fujo tupu: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti, ng'ombe bandani anakula migomba iliyokatwa, samadi inarudi shinani. Kimejaa pomoni na hakuna kinachopotea.

Halafu kuna bei. Asiye na akiba nyumbani ananunua kwa kupima: mafuta ya kula kwenye kichupa, mkaa wa kopo. Kwa mwezi anamzidi gharama mwenye dumu na gunia. Kutoweka vitu ndani ni raha kwa mwenye hela ya kurudi dukani.

Kwa hiyo ninasimama wapi? Kwenye vitu, naona kanuni ya miezi sita inauliza swali nusu. Iulize pia: nani mwingine anakitumia? Sufuria ya mama mtaa mzima unaijua njia yake. Kabati la vikombe halijui mtu.

Panapotubana zaidi naona ni kwenye ratiba. Ile falsafa ya kuchagua machache ya lazima na kuyakataa mengine ingetufaa hapa. Kadi za mchango zinaingia kwenye simu kama mvua ya Aprili: sendoff, kitchen party, harusi, kamati, kikao cha kuvunja kamati. Wengine wanasema kata zote. Ni rahisi kusema kama hujawahi kuona kundi hilohilo la WhatsApp likisafirisha jeneza kutoka Dar hadi mlimani kwa siku mbili. Mimi nimeamua msiba siukosi, harusi ni za ndugu wa karibu tu. Nimeshaitwa mchoyo kwenye kikao ambacho sikuhudhuria.

Sufuria imebaki stoo. Tulichokubaliana na mama ni kuvitoa vikombe vyake vya wageni kabatini avinywee chai. Viwili vimeshavunjika, na hajasema lolote kuhusu kununua vingine.