Sauti ya mwandishi haingojei viza

Vijana wa nyumbani wananiandikia. Wengi ni wasichana wa Chake na Wete, kule Pemba, wachache wa Mjini Unguja, na suali lao ni moja hata walizungushe vipi: nifanye nini nipate sauti yangu katika uandishi? Baadhi yao humalizia kwa kusema kwamba wakijaaliwa kufika huku Uingereza mambo yatafunguka. Hapo humtaja Abdulrazak Gurnah. Aliondoka Unguja kijana baada ya Mapinduzi, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, akaanza kuandika akiwa na umri wa miaka 21, akasomesha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobeli ya Fasihi. Kwa hivyo wanaona njia ndiyo hiyo: uhame, uandike, dunia ikusikie.

Mimi siikubali njia hiyo kama ndiyo njia. Naishi Manchester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee zamu za usiku, naandika mchana watu wengine wakiwa makazini, na sitaki mtoto wa Konde au Micheweni akae na daftari tupu akisubiri viza.

Nitaanza na haki ya ugenini, maana ipo. Huku hakuna anayenijua. Kwetu ukiandika hadithi ya mwanamke aliyeachwa, watu hawasomi hadithi, wanatafuta mwenyewe. "Huyu si yule mke wa fulani wa Mtambwe?" Kisiwa ni kidogo, kila mtu ana jamaa yake ndani ya kitabu chako. Na mwandishi akiwa mwanamke, akagusa habari ya ndoa, anayetazamwa kwanza ni mumewe. Nimeandika mambo huku ambayo nikiwa Konde ningeyaandika kisha nikayachana. Ujasiri huo nimeupata kwa kuwa mbali, nami naushukuru.

Tena huku nimejifunza kuandika upya. Kuna darasa la jioni kwenye maktaba ya mtaani kwetu. Mnakaa duara, mtu anasoma kurasa zake mbili, kisha ananyamaza kimya wenziwe wakizijadili, hana ruhusa ya kujitetea mpaka wamalize. Wiki ya pili anarudi na kurasa zilezile zikiwa zimegeuzwa, na hakuna anayemuona kashindwa. Hili ningependa tulihamishie nyumbani kesho asubuhi.

Lakini katika darasa hilohilo ndimo nilimoona kilichopungua. Nilisoma hadithi ya wake wenza wawili wanaogombea cherahani. Mume kafa, cherahani imebaki, na kila mmoja anadai yeye ndiye aliyenunuliwa cherahani hiyo. Hadithi nzima ni maneno yao: mafumbo, vijembe, kunyamaziana, kisha salamu ya asubuhi inayochoma kuliko tusi. Nilipomaliza wakanambia imewapendeza, ila bahari iko wapi? Mama mmoja, kwa wema kabisa, akanishauri nitie harufu za viungo ili msomaji ajue yuko Zanzibar. Wale wanawake wawili hakuwasikia. Na atawasikiaje? Nimewasomea kwa Kiingereza, na kijembe cha Kipemba kikishavuka hubaki sentensi ya kawaida tu.

Mwalimu wa pale, mtu mpole, hupenda kutwambia tuchimbe ndani ya nafsi zetu, huko ndiko sauti iliko. Nimechimba. Nilichokikuta huko si mimi peke yangu. Nimemkuta bibi yangu, nimewakuta mashangazi, nimewakuta wanawake wa msimu wa karafuu.

Aliyekulia Pemba anaujua usiku wa kuchambua. Wachumaji wameshapimiwa pishi zao, karafuu mbichi zimemwagwa juu ya jamvi, na watu wa nyumba pamoja na majirani wamezizunguka kwa mwanga wa taa. Unashika kishada, unakisugua juu ya kiganja, karafuu zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule. Mikono haisimami hata mara moja, vidole vinanuka karafuu mpaka siku ya pili ukila wali unaisikia. Na wakati mikono inafanya kazi, midomo nayo imo kazini. Mmoja anasema "Paukwa!" na jamvi zima linaitika "Pakawa!" Asiyeitika anaulizwa kama kalala. Msimuliaji akichelewesha jambo anahimizwa. Akiongopa vibaya anakatwa palepale: "Ah, hapo umetuchanganya, jana ulisema kafa!" Bibi yangu alikuwa akisimulia polepole sana, akifika penye hofu anashusha sauti mpaka unalazimika kuacha kusugua ili umsikie. Shangazi yangu mmoja alikuwa hawezi hivyo. Yeye alikuwa mtu wa kasi, wa kuigiza sauti za watu, na ukimsikia kutoka ukumbini unajua ni nani bila ya kuchungulia. Hakuna aliyewafunza. Kila mmoja aliujua mwendo wake kwa kuona watu wanaitika wapi na wanapiga miayo wapi.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Sauti ya mwandishi huja kwa kuitikiwa. Ugenini unapewa kimya kingi na faragha nyingi, na vitu hivyo ni vizuri, lakini kimya hakiitiki. Nyumbani kuna waitikaji kila baraza, kila kisima, kila daladala ya kutoka Konde kwenda Chake.

Tazameni waandishi wetu wenyewe. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu wa mwaka 1933, alikuwa mvuvi na baharia. Alitunga kwa kughani na kusikilizwa, na diwani yake ya Kimbunga ilipochapishwa 1994 watu walikuwa washamjua zamani. Adam Shafi, alipoandika Kuli kuhusu makuli wa bandarini na mgomo wa 1948, alikiinua kitabu kwa mazungumzo. Ukifunga macho unawasikia watu wa Unguja wakibishana. Said Ahmed Mohamed ameishi Japani na Ujerumani, akasomesha huko, na ameendelea kuandika kwa Kiswahili kile kile kinachonuka visiwa. Hata kwa Gurnah wanaemtaja vijana wangu, nawaomba wasome Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise, aliyoifanya Ida Hadjivayanis na iliyotoka 2022. Nimewasomea jamaa zangu kurasa zake kwa simu na wakacheka mahala ambapo darasani kwetu hakuna aliyecheka. Yeye aliondoka, lakini masikio yake alishayajaza kabla ya kuondoka.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, na hili ni la kwetu, si la Uingereza. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Uamuzi huo ulipitishwa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Kilikuwa na faida zake na sina ugomvi nacho. Makala hii yenyewe nimeiandikia humo. Lakini mtoto wa Pemba alilipia. Ukisema darasani kama mama yako anavyosema, darasa linacheka. Ukiandika insha, bibi yako anayezungumza ndani ya insha hiyo analazimishwa azungumze kama mtangazaji wa habari, na akizungumza kama yeye, kalamu nyekundu inampitia. Mtoto anafika kidato cha nne insha zake zote zinafanana na za wenziwe, kisha tunamuuliza sauti yako iko wapi. Na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wenyewe wamechapisha kamusi za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu! Baraza la lugha linazihifadhi lahaja, skuli inazikata maksi.

Kwa wanaoniuliza nafanyaje mimi: nikimaliza rasimu naisoma kwa sauti, nairikodi, namtumia shangazi yangu Konde kwa WhatsApp. Hajui nini maana ya rasimu wala haimshughulishi. Juzi nimemtumia sehemu ambayo mwanamke anatoka na ndoo kwenda kuteka maji baada ya Maghribi. Akanijibu kwa sauti, jogoo akiwika nyuma yake: "Mwanangu, Maghribi ishaadhiniwa, nani anatoka na ndoo? Ama ana jambo huyo, ama humjui." Nilikaa na jibu hilo zamu nzima ya usiku. Kweli alikuwa na jambo, na hadithi sasa inaanzia hapo. Darasa la maktaba lisingeliona hilo kwa miaka kumi.

Nyinyi mlioko huko shangazi zenu wako chumba cha pili. Kaeni wanne, watano, msomeane kwa sauti baada ya Isha, mmoja asome na wengine waitike, kisha aende akaandike upya. Ikiwa hofu yenu ni majina ya watu, geuzeni kijiji, geuzeni umri, mfanyeni mwanamke awe mwanamme, lakini maneno yake msiyaguse.

Na walimu wa skuli, wengi wenu nimesoma nanyi: mwanafunzi akikuletea insha yenye bibi wa Kojani ndani yake, maelezo yake msahihishie kwa usanifu, ndiyo kazi yako. Bibi akifungua mdomo, iweke kalamu chini.