Anayeyachelewesha maji ni nani?

Mchoro wa mzunguko wa maji karibu kila aliyekaa darasani ameuchora: bahari, jua, wingu, mvua, mto, na mishale inayorudi ilikotoka. Wangu niliuchora kwa penseli ya buluu na niliupenda sana. Lakini kadiri ninavyosoma habari za udongo na misitu, ndivyo ninavyoona ile mishale ilitupa picha pungufu. Inamfanya mtu adhani kila kitu kinarudi chenyewe, kwa mwendo uleule, na kwamba kilichopotea leo kitakuwa kimerejea msimu ujao.

Maji kweli yana haraka. Mvuke ukishapanda hukaa angani kwa wastani wa siku 9 hivi, kisha hushuka. Fosforasi, mojawapo ya virutubisho vya mimea, haina njia hiyo ya mkato. Haigeuki gesi ikapanda mawinguni. Hutoka kwenye mwamba unaomeguka polepole, na ikishasombwa hadi kilindini, njia yake kubwa ya kurudi nchi kavu ni kungoja sakafu ya bahari iinuke, kazi ya mamilioni ya miaka. Ndege wa baharini na samaki wapandao mito hurudisha kiasi, ila ni kidogo mno. Basi maji yaleyale yanayoinywesha mimea ndiyo yanayoondoka na chakula chake. Ndiyo maana, kwangu mimi, ardhi tajiri ni ile inayojua kuyachelewesha.

Inama chini ya mti mkubwa ambao majani yake hayafagiliwi, ufunue kwa vidole. Juu kuna majani makavu, mazima, yanayovunjika kwa sauti. Chini yake yapo yaliyolowa na kuwa meusi, mengine yamebaki mishipa mitupu kama wavu, maana jongoo na wadudu wadogo wameshapita. Yanayofuata yameshonwa pamoja na nyuzi nyeupe za kuvu, nyembamba kuliko unywele. Ukivuta jani moja yanakuja matatu. Halafu ndio udongo, wenye harufu ile ya mvua ya kwanza. Na hapo tazama vizuri: vijizizi vya mti vimepanda juu, vimeingia katikati ya majani yanayooza. Havingoji chakula kishuke. Kinachoachiliwa na jani hunyakuliwa palepale, kabla maji hayajakifikia.

Ushahidi ninaourudia mara kwa mara ni wa Hubbard Brook, msitu wa utafiti katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Mabonde yake yamekalia mwamba usiopitisha maji, kwa hiyo karibu kila tone lisiloruka hewani hutokea kwenye kijito, ambako kuna kizuizi cha kulipimia. Mwishoni mwa 1965 watafiti, akiwemo Herbert Bormann na Gene Likens, walisimamia ukataji wa miti yote ya bonde moja. Hawakutoa gogo hata moja. Hawakuchimba barabara. Miti ililala ilipoangukia, kisha kwa miaka 3 wakapulizia dawa ya kuua mimea ili kisichipue kitu.

Mwaka wa kwanza maji ya kijito yaliongezeka kwa karibu asilimia 40, kwa kuwa hapakuwa na majani ya kuyarudisha hewani. Hilo lilitarajiwa. Kilichoshtua ni naitreti, chakula cha mimea chenye naitrojeni kinachoyeyuka majini: kiwango chake kilipanda makumi ya mara, kikapita kile kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Bakteria wa udongoni hawakuwa wameacha kazi. Waliendelea kuivunja mboji na kutengeneza naitreti kama kawaida, ila mizizi ya kuipokea haikuwepo. Kazi hiyo pia huongeza asidi, na asidi ikaibandua kalsiamu na potasiamu kutoka kwenye chembe za udongo, navyo vikaondoka. Ghala lilikuwepo, limejaa, na mlango umeachwa wazi.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ardhi haina nafuu hiyo; inachokipoteza haikipati kesho. Hata Amazon, yenye udongo ambao sehemu kubwa yake ni maskini wa fosforasi, huvuja kidogo, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanasema vumbi la Sahara huipelekea takriban tani 22,000 za fosforasi kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na kile kinachosombwa na mvua. Msitu huo unashiba kwa sababu umeweka akiba yake miilini mwa viumbe.

Simpingi mtu anayetumia mbolea ya chumvichumvi. Tangu mkemia Mjerumani Fritz Haber alipoonyesha mwaka 1909 namna ya kuitoa naitrojeni hewani, sehemu kubwa ya wanadamu inakula kwa sababu ya ugunduzi huo. Ninachokipinga ni kuimwaga kwenye ardhi tupu, iliyolimwa ikaachwa bila mmea wala matandazo, mvua ikiwa njiani. Ile naitreti itashukia mtoni, itanenepesha mwani, na mwani ukioza utawanyima samaki hewa. Vivyo hivyo kuchoma majani makavu: naitrojeni nyingi hupanda na moshi, na majivu yenye fosforasi na potasiamu hubaki juu ya udongo ulio wazi, yakisubiri mvua kubwa ya kwanza. Napata uchungu kila ninapouona moshi huo, kwa sababu kazi yote ya jongoo na kuvu imekatizwa ili pawe safi.

Kule Hubbard Brook dawa ilipokoma, mbegu za mcheri mwitu zilizokuwa zimelala udongoni kwa miaka mingi ziliota kwa wingi, bila kupandwa na mtu. Ndani ya miaka michache, naitreti ya kijitoni ilikuwa imeshuka.