Kabla ya Kushusha Injini

"Linatoka na ngapi?"

Kila anayepita chini ya mwembe pale Isevya, anapofanyia kazi fundi wangu, huuliza hilo hilo. Wameuliza vijana wa bodaboda, wameuliza wanafunzi, na juzi kauliza mzee mmoja aliyekuja na baiskeli iliyosheheni madumu ya asali. Wanaikuta Datsun 1600 SSS imepanda juu ya magogo, haina hata gurudumu moja, na bado wanataka kujua spidi. Jibu langu limeshaanza kuwaudhi: sijui, kwanza nataka kujua linasimama vipi.

Gari lenyewe nililinunua kwa mstaafu mmoja wa reli hapa hapa Tabora. Lilikuwa limelala uani kwake miaka 14. Nyuki walishajenga ndani ya mlango wa kushoto, kwa hiyo mavuno yangu ya kwanza kutoka kwenye mkweche huu yalikuwa masega, si mbio. Mke wangu anasema ndiyo faida pekee tuliyokwishaiona.

Wa rika la baba yangu hawahitaji kuelezwa hii ni gari gani. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo East African Safari, mashindano yaliyoanza 1953 na kukatiza Kenya, Uganda na huku kwetu. Mwaka uliofuata wakarudi na Datsun 240Z, wakashinda tena. Injini ya 1600 si ya kutisha: sentimita za ujazo 1595 na kabureta mbili. Ilichokuwa nacho ni uvumilivu, na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja likiingia shimo lake bila kulivuta jingine. Ndiyo maana watu wanaosema gari kama hili liwekwe ndani, lipigwe polishi na litolewe siku za harusi tu, sikubaliani nao. Lililoshinda Safari kulifanya la kubebea maharusi ni kulionea.

Nataka kulipeleka kwenye mbio za klabu, zile za watu wenye kazi zao, wanaokimbiza magari yao wenyewe wikiendi na Jumatatu wanarudi ofisini. Sisi Tabora tuko mbali na mambo hayo. Kwa kawaida utayasikia Arusha, Tanga, Iringa au Morogoro. Kwa hiyo gari litapanda Fuso kwanza kabla ya kushindana na mtu.

Fundi wangu, Mzee nimwitavyo, siku ya kwanza alisema neno moja: "Tushushe injini." Kwake kila gari lililolala dawa yake ni kushusha injini. Mimi nikaona inawaka, haitoi moshi wa bluu, oili haijachanganyika na maji. Ya nini kuishusha? Tukasafisha kabureta, tukabadili oili na plagi, nikaenda kulijaribu kwenye kiwanja cha rafiki yangu, nje ya mji.

Mara mbili za kwanza lilisimama vizuri. Mara ya tatu pedeli ya breki ikazama hadi chini kama nimekanyaga uji. Nikavuta hendibreki, gari likajigeuza ubavu, likavuka mpaka wa kiwanja na kuingia kwenye matuta ya viazi vya jirani. Mama mwenye shamba alikuja taratibu, akanitazama, akatazama matuta yake, akasema, "Mwanangu, barabara ulikuwa huioni?" Nililipa matuta manne. Hozi ya breki ya mbele ilikuwa imepasuka. Kwa nje ilionekana nzima kabisa.

Tangu siku ile nina msimamo ambao sitaki kuujadili na mtu. Chuma cha gari la zamani huvumilia kulala, mpira hauvumilii. Hozi, sili, bushi, mipira ya mafuta na mkanda wa feni vyote vinazeeka hata gari likiwa halijasogea hatua moja. Mita ya kilomita haikwambii kitu hapo. Tumetoa kila kilicho laini, hata kile ambacho Mzee alikisugua kwa kidole gumba na kuapa kwamba bado. Ni kazi inayochosha, haionekani, na hakuna atakayekupigia picha umeshika bushi mpya.

Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Kwa mtu anayekwenda sokoni, tofauti hiyo hataijua. Kwenye mbio, disiki zinachomeka, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke hubonyea: unarudi kwenye matuta ya viazi.

Matairi yalinidanganya. Yalikuja na gari, kashata zake, yaani meno ya tairi, zote zipo, meusi safi. Ubavuni mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwa mfano, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Soma hizo kabla ya kutazama kashata. Yangu sasa yamezungushiwa bustani.

Palipotugombanisha zaidi ni keji, ule uzio wa mabomba ndani ya gari unaomlinda dereva likibiringika. Kijana mmoja anayechomelea mageti, mwenye mkono mzuri kweli, alijitolea kunitengenezea kwa bomba la maji. Bei ilikuwa tamu. Lakini nguzo kuu ya keji kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ni bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na pale linapokanyaga bodi panawekwa bamba la kusambaza uzito. Bomba la maji lina mshono, na zinki yake inaharibu uchomeleaji. Gari likibiringika, bomba la namna hiyo linakuwa mkuki mwingine ndani ya chumba. Kijana alinuna. Nikamwambia, mdogo wangu, geti lako likianguka hakuna mtu ndani yake.

Kofia nayo, tafadhali, isiwe ya bodaboda. Ya mbio za magari ina kitambaa kinachostahimili moto ndani. Wapo wanaoniambia, "Haya ni mashindano ya wapenzi tu, si ya kulipwa." Mimi naona kinyume: anayelipwa anajua kuanguka. Mimi nitakuwa najifunza huko huko.

Na injini? Hapa tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu imeshaondoka kabla sijawasha. Tutapunguza kidogo jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, ili lisivute petroli nyingi kuliko hewa, tutaweka kichujio cha hewa kinachofaa kwa mchanga wa huku, na tutaosha rejeta. Basi.

Jana tumetoa tangi. Kutu iliyotoka ndani ilikuwa kama majani ya chai, chungu nzima juu ya gazeti. Mzee aliichokoa kwa bisibisi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimeshaagiza mikanda ya kiti. Nikamwambia bado haijafika. Akafuta mikono. "Sasa kama tunasubiri," akasema, "si tungeshusha injini?"