Kabla ya Kumwambia Ale Kalori 900

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, binti wa marehemu dada yangu alinipigia simu, na kwa muda sikusikia chochote isipokuwa kwikwi. Nilidhani kuna msiba. Alipoweza kusema, aliniambia, "Mama mdogo, nimeaibishwa mbele ya watu wote." Watu wote hao ni wenzake zaidi ya mia moja katika kundi la WhatsApp la kupunguza uzito, ambalo kila mwanachama hulilipia ada ya mwezi na ambako kila Jumapili jioni hutakiwa kutuma picha ya mizani. Binti huyu alianza na kilo 86, akashuka vizuri hadi 74, kisha mshale ukagoma, na sasa ni wiki ya saba hausogei. Mwalimu wao aliziweka picha zake mbili pamoja, ya sasa na ya wiki saba zilizopita, akaandika kwamba mizani haidanganyi bali mtu ndiye anayedanganya, kisha akamwagiza kwamba kuanzia asubuhi ya pili yake ashuke kutoka kalori 1,300 kwa siku hadi 900.

Sikulala mapema usiku ule. Nimepita njia hiyohiyo miaka miwili iliyopita, na ninajua jinsi mtu anavyojisikia anaposimama juu ya mizani alfajiri, kabla hata ya kunywa maji, akiomba namba ibadilike. Ninaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine waliomo katika makundi kama lile ambao bado hawajampata wa kumpigia simu.

Kosa la kwanza limo katika ahadi wanayopewa watu siku ya kujiandikisha, kwamba ukipunguza kalori 500 kwa siku utapungua karibu nusu kilo kila wiki, wiki hii, wiki ijayo na mwaka mzima. Hesabu hiyo ina asili yake. Mwaka 1958 daktari Mmarekani aitwaye Max Wishnofsky alikokotoa kwamba ratili moja ya uzito wa mwili, yaani gramu 450 hivi, ina thamani ya kalori 3,500, na tangu hapo watu wamekuwa wakigawanya na kuzidisha kana kwamba mwili ni deni linalolipwa kwa mafungu yaliyo sawa. Lakini mwili wa kilo 74 si mwili wa kilo 86. Mwili mdogo unahitaji nguvu kidogo ili moyo, ini na misuli vifanye kazi. Unahitaji nguvu kidogo kupanda ngazi na kukimbilia daladala. Na juu ya hayo hujibana wenyewe, ukatumia kidogo kuliko hata udogo wake unavyodai. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa, wakakuta kwamba mtu aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake na kubaki hapo hutumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 15.

Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alitoa pamoja na wenzake mwaka 2011 kipimo kinachofaa zaidi kuliko kile cha mwaka 1958: kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, ukidumu nazo, huishia kukupunguzia takriban kilo moja, nusu ya safari hiyo ikichukua karibu mwaka na karibu safari yote ikichukua kama miaka mitatu. Ukiisoma kanuni hiyo kwa kuigeuza, utaona kwamba kila kilo inayotoka inaondoka na kalori zipatazo 24 za ule upungufu wako wa kila siku. Aliyepoteza kilo 12 amekwisha kulipa karibu kalori 290 bila kuongeza tonge hata moja. Zile 500 alizoanza nazo zimebaki kama 210, na hajafanya kosa lolote. Hili ndilo ambalo mwalimu anayetoza ada angepaswa kulisema siku ya kwanza, ili siku uzito utakapogoma mtu afungue daftari na kupiga hesabu upya badala ya kuanza kujichukia.

Tulifungua daftari usiku uleule. Ana miaka 27, urefu wa sentimita 165, kilo 74, na kazi yake ni ya kukaa dukani mchana kutwa. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, mwili wake ukiwa umepumzika tu unahitaji kalori 1,475 hivi, na ukijumlisha kutembea kwake kidogo na kazi ndogondogo za nyumbani, jumla inafika kati ya 1,850 na 1,900. Kama kweli anakula 1,300, mizani ingepaswa kusogea, angalau polepole. Kwa hiyo sikumwuliza anakula nini Jumatatu. Nilimwuliza anakula nini Jumamosi.

Alinyamaza, kisha akasema ukweli wote. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hupima kila kitu kwa uaminifu kamili, hulala na njaa, na siku mbili kati ya hizo huamka usiku tumbo likimuuma. Ikifika Jumamosi kuna sherehe ya kumuaga mwali, au harusi, au kikao cha familia, na mkono unaoshika sahani ya pilau siku hiyo ni mkono wa mtu aliyeshinda na njaa siku tano. Jumapili hali ni hiyohiyo, ikiongezwa na huzuni ya Jumamosi. Tulihesabu bila kuficha kitu tukapata kama kalori 3,300 kwa kila moja ya siku hizo mbili. Siku tano za 1,300 ni 6,500. Siku mbili za 3,300 ni 6,600. Jumla ni 13,100 kwa wiki, ambayo ukiigawa kwa siku saba unapata 1,871. Hiyo ndiyo namba ambayo mwili wake unaitumia. Mizani yake haikuwa na fumbo lolote, na yeye hakuwa mwongo.

Sasa tazama kinachotokea akila kalori 1,550 kila siku, Jumatatu kama Jumamosi. Kwa wiki ni 10,850, yaani pungufu kwa 2,250 kuliko alivyokuwa akila wakati akijitesa kwa 1,300. Kwa kuongezewa chakula siku tano, anakula kidogo kwa wiki nzima. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalokataliwa kwa ukali zaidi katika makundi haya, ambamo kurekebisha kalori humaanisha kushusha tu, na kila anayekwama hushushwa ngazi nyingine, kutoka 1,500 hadi 1,300, kutoka 1,300 hadi 900, mpaka siku anapoanguka kabisa na kujitoa kimyakimya, akibaki na imani kwamba yeye ni mtu dhaifu.

Njaa ile si udhaifu. Hall na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayotoka, hamu ya kula hupanda kwa takriban kalori 100 kwa siku, ambazo ni nyingi mara kadhaa kuliko zile ambazo mwili unaacha kuzitumia. Binti aliyepoteza kilo 12 anavutwa kila siku na nguvu ya kalori zaidi ya elfu moja, na amesimama imara siku tano kwa wiki, miezi mingi mfululizo. Mimi ninayeyajua haya namwona kuwa jasiri, na ninaumia kwamba mtu aliyemlipa amsaidie ndiye aliyemvunja moyo hadharani.

Na hizo 900 zenyewe tuzitazame. Mwaka 1944, vita vikiendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 wa kiume waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kushinda na njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha watu watakaokutwa wamedhoofu baada ya vita. Kwa miezi sita walikula takriban kalori 1,570 kwa siku huku wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, mapigo ya moyo yakapungua, wakahisi baridi hata majira ya joto, wakawa wepesi wa hasira, wakaota chakula, na baadhi wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Najua kwamba wao walikuwa wanaume wembamba na binti yetu ana akiba ya mafuta mwilini, kwa hiyo mifano hii miwili hailingani. Hata hivyo, kile kilichoitwa njaa katika maabara yenye madaktari kila saa kilikuwa 1,570, na huku kwetu mtu asiye na cheti chochote cha lishe anaandika 900 kwa ujumbe wa simu, bila kuuliza kama anayemwandikia ana kisukari, ananyonyesha, au anameza dawa za presha. Mlo wa chini ya kalori 800 hutolewa na madaktari kwa wagonjwa maalumu wanaofuatiliwa kwa karibu, kwa sababu kupungua kwa kasi mno huleta mawe katika kibofu cha nyongo na huondoka na misuli. Kalori mia tisa ziko jirani kabisa na mpaka huo.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu haki inanitaka nilikubali. Wengi wetu hatujui tunakula kiasi gani. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu waliosema kwamba hawapungui hata wakila kidogo, wakakuta kwamba kwa wastani walikuwa wameandika pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula. Mimi mwenyewe nilikwama wiki tisa, nikaapa mbele ya mume wangu kwamba ninakula mboga tu. Ilikuwa kweli kwamba nilikula mboga. Ila kila jioni niliunga mchicha kwa kumimina mafuta kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye sufuria. Siku nilipoamua kuyapitisha kwenye kijiko, nilikuta ninamimina vijiko vitano vya chakula kwa mboga ya watu wawili. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Nikashuka hadi vijiko viwili, nikaongeza nyanya na kitunguu, sikuwa na haja ya kupunguza ugali, na uzito ukaanza tena kushuka. Kwa hiyo naam, pima mafuta, pima tui la nazi, hesabu sukari ya chai ya saa nne. Lakini kumwonyesha mtu kijiko na kumwita mwongo mbele ya watu mia ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Wapo wanaoshauri mapumziko, yaani kula kwa wiki mbili kiasi kinachotosha kuushikilia uzito ulipo, kisha kupunguza tena. Utafiti wa Tasmania uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa wanaume wanene katika makundi mawili, na waliopumzika kila baada ya wiki mbili walipoteza wastani wa kilo 14 dhidi ya 9 za wale waliobana mfululizo, ingawa safari yao ilikuwa ndefu karibu mara mbili, na watafiti wengine waliojaribu utaratibu unaofanana na huo hawakuona tofauti hiyo. Mimi napenda mapumziko hayo kwa sababu nyingine: yanamrudishia mtu usingizi na akili ya kupanga.

Kuhusu maji, wiki mbili au tatu za mizani kusimama si kukwama. Chumvi ya samaki wa kukaushwa, siku za hedhi, na maumivu ya misuli baada ya mazoezi mapya hushikilia maji mwilini na kuficha mafuta yaliyotoka. Anayetaka kujua ukweli ajipime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, na aandike wastani wa wiki badala ya kuhangaikia namba ya asubuhi moja. Protini nayo isisahaulike. Dagaa, maharage, mayai na kunde hushibisha na kulinda misuli, na vyote vinapatikana sokoni bila kununua unga wa protini wa kopo.

Binti yangu amejitoa katika kundi lile Jumatatu. Tumekubaliana kwamba kwa wiki mbili atakula karibu 1,850 kila siku, ikiwamo Jumamosi, na asipande kwenye mizani kabisa. Kisha atashuka hadi 1,550, na tukiona kiuno kinapungua hatutagusa chochote kwa muda wa miezi miwili, hata kama mshale utasogea kwa robo kilo tu kwa wiki. Akipungua kilo tano nyingine tutapiga hesabu upya, kwa sababu atakuwa na mwili mwingine.

Jana asubuhi alinitumia picha ya sahani: chapati moja, mayai mawili, nusu parachichi, na chai ya maziwa isiyo na sukari. Chini yake aliandika, "Mama mdogo, nimelala mpaka saa kumi na mbili bila kuamka." Nilimjibu kwamba ale chapati yake ingali ya moto.